Nauli ya Ndege na Bei Isiyosema Kweli Yote



Huenda ukashangaa kuona nauli za ndege zikijadiliwa katika kurasa hizi, ilhali wengi wetu husafiri kwa basi, kwa meli au kwa miguu. Lakini hebu tuwatazame walioondoka kwetu kwa ndege katika miaka ya karibuni. Yuko mgonjwa aliyepelekwa India kwa matibabu. Yuko kijana aliyepata nafasi ya masomo ng'ambo. Yuko binti aliyekwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, na mzee aliyeitwa na wanawe waishio Ulaya. Tiketi zao aghalabu hununuliwa kwa mchango wa ukoo, wa majirani na wa Jumuiya. Na fedha ya mchango ni fedha ya watu wengi, baadhi yao wakiwa wametoa kile kidogo walichokuwa nacho. Kwa hiyo namna nauli inavyopangwa inatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kupanda ndege.

Neno ninalotaka kulitetea hapa ni hili: kuuza safari vipande vipande kwaweza kuwa halali kabisa, lakini kumwonyesha mnunuzi bei ya kipande kimoja kana kwamba ndiyo bei ya safari nzima ni kumnyima haki yake.

Vifurushi vya angani

Neno "kifurushi" tunalijua sote kutokana na simu zetu. Tunanunua muda wa maongezi, ujumbe na intaneti kwa pamoja, kwa siku au kwa mwezi, na tumekwisha kuzoea kujiuliza kama kifurushi kikubwa kina nafuu kuliko vidogo viwili. Mashirika mengi ya ndege siku hizi huuza safari kwa mtindo huo huo. Kwa kawaida kifurushi cha chini humpa abiria kiti ambacho hakukichagua, pamoja na begi dogo la kuweka chini ya kiti kilicho mbele yake. Kifurushi cha kati huongeza begi la kupakiwa tumboni mwa ndege, na pengine nafasi ya kuchagua kiti. Cha juu huongeza ruhusa ya kubadili tarehe au kurudishiwa fedha. Asiyetaka kifurushi kikubwa aweza kununua nyongeza moja moja, kila moja kwa bei yake.

Ndege ni ile ile, rubani ni yule yule, na wote hufika saa ile ile. Hata hivyo watu wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa bei zinazotofautiana mara mbili au tatu, na mara nyingi hakuna hata mmoja wao awezaye kueleza sababu.

Desturi hii ilitoka wapi

Kwa miongo kadhaa nauli za ndani nchini Marekani zilisimamiwa na bodi ya serikali. Kwa kuwa mashirika hayakuweza kushindana kwa bei, yalishindana kwa chakula na huduma. Mwezi Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoondoa udhibiti huo hatua kwa hatua. Shirika la People Express, lililoanza kuruka mwaka 1981, lilitoza nauli ndogo sana, kisha likadai dola 3 kwa kila begi lililopakiwa, na vinywaji vikalipiwa humo humo ndegeni. Shirika hilo halikudumu. Mwaka 1987 lilimezwa na Continental. Wazo lake lilibaki.

Ulaya nayo ililegeza masharti ya soko lake katika miaka ya 1990, na mwaka 2006 Ryanair ikaanza kutoza mizigo inayopakiwa. Mwaka 2008, bei ya mafuta ghafi ilipopanda sana, American Airlines iliamua kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, na mashirika mengine makubwa yakafuata. Mwaka 2010 Spirit ikaenda mbali zaidi: ikatoza hata begi la mkononi linalowekwa juu ya vichwa vya abiria. Southwest, ambayo kwa miaka mingi ilijivunia kubeba mabegi mawili bila malipo, iliiacha desturi hiyo kwa tiketi zilizonunuliwa kuanzia tarehe 28 Mei 2025.

Upepo huo ulifika kwetu pia. Fastjet ilipoanza safari zake Dar es Salaam mwezi Novemba 2012, ilitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000, kabla ya tozo za serikali. Watu ambao hawakuwahi kufikiria kupanda ndege walifika Mwanza kabla jua halijawa kali, wakati basi lingewachukua siku nzima na zaidi. Shirika hilo lilisimamisha safari zake nchini Tanzania mwishoni mwa mwaka 2018. Nchini Kenya, Jambojet ilianza mwezi Aprili 2014 kwa mtindo kama huo wa nauli ndogo na nyongeza za kulipia.

Haki ya upande wa pili

Yatupasa kuwatendea haki hata wale tunaowakosoa. Biashara ya ndege si mgodi wa dhahabu. Mwezi Juni 2025, IATA, ambalo ni shirikisho la mashirika ya ndege duniani, lilikadiria kwamba faida halisi kwa mwaka huo ingekuwa dola 7.20 kwa kila abiria. Ndege ikipaa na viti vitupu, viti hivyo havitauzwa tena kamwe. Ni kama samaki waliokosa mnunuzi hadi jioni.

Tena, kuna uadilifu fulani katika kutenganisha bei. Kwa nini mwalimu anayesafiri na kibegi kidogo kwenda semina ya siku mbili amlipie mfanyabiashara mwenye masanduku matatu? Nauli ya zamani, iliyojumlisha kila kitu, ilimficha maskini asionekane kabisa kiwanja cha ndege, kwa sababu hakuimudu. Anayesema turudi kwenye utaratibu ule na afikirie kwanza ni nani watakaobaki chini.

Basi tusiwalaumu kwa kutenganisha. Tutazame namna wanavyotenganisha.

Mambo matatu ya ajabu

La kwanza ni bei inayobadilika kadiri abiria anavyokaribia ndege. Begi lile lile, la kilo zile zile, huwa na bei moja likilipiwa pamoja na tiketi, bei kubwa zaidi likilipiwa kwenye kaunta ya kiwanja, na kubwa kuliko zote likikamatwa mlangoni pa kupandia ndege. Sehemu ya tofauti hiyo ina sababu: shirika likijua mapema uzito wa mizigo hupanga kazi yake vizuri. Lakini sehemu nyingine ni adhabu kwa asiyejua. Ripoti ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani, iliyotolewa Novemba 2024, ilionyesha kwamba mashirika ya Frontier na Spirit yaliwalipa watumishi wa milangoni dola milioni 26 katika miaka ya 2022 na 2023, kama motisha ya kuwakamata abiria wenye mabegi yaliyozidi kipimo. Ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba mashirika matano ya nchi hiyo yalikusanya dola bilioni 12.4 kutokana na ada za viti peke yake, kati ya mwaka 2018 na 2023. Mtumishi anapolipwa kwa kosa la mteja, hana tena sababu ya kumwonya mteja asikosee.

La pili ni safari ndefu kuwa rahisi kuliko fupi, na tiketi ya kwenda na kurudi kuwa rahisi kuliko ya kwenda tu. Akili ya kawaida hukataa jambo hili. Muuza sukari hawezi kukuuzia kilo mbili kwa bei ndogo kuliko kilo moja. Lakini shirika la ndege halipangi bei kwa kilomita. Hupanga kwa kukisia ni kiasi gani mnunuzi wa aina fulani atakubali kulipa. Kwa miaka mingi mashirika yalimtaka abiria alale usiku wa Jumamosi huko aendako ndipo apewe nauli ndogo, kwa kuwa yalijua kwamba mfanyabiashara hutaka kurudi kwake kabla ya mwisho wa juma, na kwamba kampuni yake italipa. Safari ya kuunganisha inayopita mji mkubwa hushindaniwa na mashirika mengi, kwa hiyo hushuka bei; safari ya kuishia mji huo huo haina washindani wengi, kwa hiyo hupanda.

Wapo abiria waliogundua siri hii, wakawa wananunua safari ndefu na kushukia njiani. Mwaka 2016 abiria mmoja alinunua tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Oslo hadi Seattle kupitia Frankfurt. Wakati wa kurudi akaishia Frankfurt, asipande ndege ya mwisho. Lufthansa ilimdai zaidi ya euro 2,000. Mahakama moja mjini Berlin ililikataa dai hilo mwezi Desemba 2018, ikiona kwamba namna ya kukokotoa nyongeza hiyo haikuwa wazi kwa mteja. Msomaji aliangalie hilo neno "wazi", maana tutalirudia. Lakini pia asiige mchezo huo bila kufikiri: katika mashirika mengi, abiria asipopanda kipande kimoja cha safari, vipande vyote vinavyofuata hufutwa.

La tatu ni kifurushi cha chini kufanywa kibaya kwa makusudi. Hili si jipya. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliandika juu ya treni za nchi yake, ambamo mabehewa ya daraja la tatu hayakuwa na paa. Alieleza kwamba kampuni hazikufanya hivyo ili kuokoa gharama ndogo ya paa, wala kwa chuki dhidi ya maskini. Zilitaka kumtisha mwenye uwezo wa kulipa daraja la pili, asije akashuka daraja la tatu. Maskini alinyeshewa mvua ili mwenzake aogope. Leo mtoto wa miaka minne anapopangiwa kiti safu kumi mbali na mama yake, hali kompyuta inaweza kuwaweka pamoja bila gharama yoyote, tunaiona mantiki ile ile ya behewa lisilo na paa. Kiti cha pamoja kinauzwa, na hofu ya mama ndiyo inayokiuza.

Mzigo unamwangukia nani

Atasemaye kwamba kila mtu husoma masharti kabla ya kununua hajakaa kiwanja cha ndege. Nimewahi kumwona mama mmoja wa makamo akienda kumtazama binti yake aliyejifungua nchi ya mbali. Tiketi ilinunuliwa na binti mwenyewe kwa simu. Mama alikuwa na begi lenye unga wa ulezi, dagaa, na kanga mbili mpya za mtoto. Shirika lile, ambalo sina haja ya kulitaja, lilikuwa limemuuzia kifurushi kisicho na mzigo wa kupakia. Ada aliyotajiwa kwenye kaunta ilizidi thamani ya vyote alivyobeba. Aliliweka begi sakafuni, akalifungua mbele ya watu, akachagua kanga, akaacha unga. Hakuna aliyemtukana. Kijana wa kaunta alikuwa mpole. Kila kitu kilifuata masharti, na masharti yalikuwa yameandikwa kwa lugha ambayo mama yule haisomi, katika ukurasa ambao hakuuona.

Hapo ndipo ilipo hoja. Nyongeza hizi hazimwangukii kila mtu sawasawa. Msafiri mzoefu anajua tarehe za kununua, vipimo vya begi, na kitufe cha kuruka. Anayesafiri mara moja katika maisha yake hajui. Kwa hiyo mara nyingi nauli ndogo ya mjuzi hulipiwa kwa sehemu na ada kubwa ya asiyejua. Na asiyejua, aghalabu, ndiye mwenye kipato kidogo zaidi.

Je, kukubali kunatosha?

Utetezi wa mashirika ni kwamba mnunuzi alibonyeza alama ya kukubali. Hoja hii ina umri mrefu. Mwaka 1891, katika barua ya Rerum Novarum, Papa Leo XIII alikataa kwamba mapatano peke yake yanatosha kuufanya mshahara uwe wa haki. Mfanyakazi aliyekubali ujira mdogo kwa kulazimishwa na shida ameonewa, ingawa alikubali. Na karne nyingi kabla yake, Thomas wa Akwino alipochunguza maadili ya kuuza na kununua, alitofautisha mambo mawili. Mfanyabiashara anayefika na nafaka penye njaa, huku akijua kwamba wengine wako njiani na bei itashuka, haki haimlazimu kuisema habari hiyo. Lakini anayeuza kitu chenye kasoro iliyofichika, itakayomdhuru mnunuzi, analazimika kuitaja.

Tukiupima mtindo wa nauli kwa kipimo hicho, tunapata jibu la pande mbili. Shirika halina wajibu wa kukuambia kwamba wiki ijayo tiketi itashuka bei. Lina wajibu wa kukuambia, mwanzoni na kwa maneno unayoyaelewa, kwamba tiketi unayoishika haibebi begi lako.

Sheria zimefika wapi

Wengine wamekwisha kuanza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1008 ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho, pamoja na kodi na tozo zote zisizoepukika, ionyeshwe wakati wote. Na nyongeza za hiari zichaguliwe na mteja mwenyewe, zisiwe zimechaguliwa kabla. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilitamka kwamba mzigo unaopakiwa unaweza kutozwa, lakini begi la mkononi lenye kipimo cha kadiri ni sehemu ya lazima ya safari na halipaswi kuongezewa bei. Kwa msingi wa namna hiyo, mwezi Novemba 2024 Wizara ya Haki za Walaji ya Hispania ilitangaza faini ya euro milioni 179 kwa mashirika matano. Mashirika hayo yaliipinga. Marekani, tangu mwaka 2012, inataka nauli inayotangazwa iwe na kodi zote ndani yake. Jitihada yake ya mwaka 2024 ya kulazimisha ada za mizigo zionyeshwe mapema ilizuiwa mahakamani mwaka huo huo. Na sheria yake ya kodi yenyewe inachochea utenganishaji: nauli ya ndani hutozwa kodi ya asilimia 7.5, lakini ada ya begi haitozwi.

Kwetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, pamoja na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Misingi ipo. Linalotakiwa ni watu watakaoitumia.

Tunadai nini, na tufanye nini

Madai yetu yawe machache na yenye kutekelezeka. Bei ya kwanza kuonyeshwa iwe na tozo zote zisizoepukika, na pembeni yake iandikwe bei ya begi moja la kawaida. Maelezo ya kila kifurushi yatolewe kwa Kiswahili kwa safari zinazoanzia kwetu. Mtoto akae na mzazi wake bila malipo ya ziada. Mtumishi wa kaunta asilipwe kwa kumkamata abiria. Wala hakuna hata moja kati ya haya linalozuia shirika kupata faida.

Nasi viongozi walei, tunaokabidhiwa fedha za michango, tusinunue tiketi kwa kutazama tarakimu ya kwanza. Kabla ya kulipa tumwulize wakala mambo haya matano, na majibu yake yaandikwe:

1. Jumla yote ni kiasi gani, pamoja na tozo?
2. Mzigo unaoruhusiwa ni wa kilo ngapi, mabegi mangapi, na je, ni sawa katika ndege zote za safari hiyo?
3. Kubadili tarehe ni kiasi gani? Mgonjwa hapangi siku ya kupona.
4. Kipande kimoja kisipotumika, vilivyobaki vinafutwa?
5. Je, kifurushi cha juu yake, kikijumlishwa, ni nafuu kuliko nyongeza moja moja?

Anayetozwa ada ambayo hakuelezwa adai risiti na aandike malalamiko kwa mamlaka husika, akiambatanisha nakala ya tiketi. Barua moja huwekwa kabatini. Barua arobaini zenye hoja ile ile hujibiwa. Kila parokia haikosi mtu mmoja au wawili wanaojua kununua tiketi kwa simu na kusoma masharti ya Kiingereza. Wapewe kazi hiyo rasmi, wakae na kila familia inayojiandaa kumsafirisha mtu, kabla fedha haijatoka mkononi.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Nani kati yetu aliwahi kulipa ada ambayo hakuitarajia, katika ndege, basi au simu? Ilielezwa wapi, na kwa lugha gani?
2. Je, sisi wenyewe, katika maduka, shule na michango yetu, tunataja gharama yote tangu mwanzo?
3. Nani katika Jumuiya yetu atakayewasaidia wasafiri, na lini ataanza?